Mstari wa Zambarau kwenye Marando ya Mayu

Nairobi,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwandu mdogo wangu,

Mwadila. Nakusalimia kwa mkono wangu mwenyewe, ule uliofundishwa ngumbaru pamoja na wako, kwa hiyo usicheke ukiona herufi zimelala. Mimi ni mzima, ila magoti yanagombana na baridi ya huku. Wewe je? Kifua kimeacha? Ng'ombe wanapata maji? Yule ndama mweupe aliyezaliwa miguu ya nyuma imepinda, amesimama au mmemla? Barua yako ya mwisho haikusema habari ya ndama. Umejaza ukurasa mzima malalamiko juu ya mke wa mwanao. Mke wa mwanao namjua, hana neno. Mgumu kuishi naye ni wewe, na hilo mayu aliyetuzaa wote wawili alilisema kabla hajafa, tena mbele ya watu.

Barua hii anakuletea Shija wa Dutwa, yule anayekuja huku kununua mitumba tangu biashara zilipofunguliwa. Nimemwapisha kwamba ataifikisha mpaka mlangoni kwako Ngulyati, hataiacha dukani ikafungiwa sukari. Pamoja na barua kuna kifurushi nilichokifunga kwa kipande cha kanga yangu ya zamani. Usikifungue kwanza. Nakujua. Umeshaanza kukipapasa. Kiweke chini, usome mpaka mwisho, ndipo ufungue. Na usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee, maana ninalokuambia ni gumu na sitaki lifike kisimani kabla halijafika kichwani mwako.

Huku tunaishi hivyo hivyo. Mtoto wa Kabula niliyemkuta hajakaza shingo sasa anakimbia, anavunja vikombe, ananiita kwa jina langu kama vile tulicheza pamoja. Watu wa mji huu wanatembea kana kwamba nyuma yao kuna nyuki. Kijana mwenye ndevu anakupita bila kukusalimia, halafu akitaka kujua saa anakuuliza. Namjibu, "Salimia kwanza, saa haikimbii." Wananicheka. Wacheke. Mmoja tu ndiye mwenye adabu, Otieno, anayemwagilia mimea kazini kwa Kabula. Yeye kwao ni ziwani, anajua kiazi ni nini. Tunataniana, ananiita mama mkwe. Ananiambia Wasukuma tunaongea na ng'ombe kuliko tunavyoongea na wake zetu, nami namwambia ng'ombe wanajibu vizuri zaidi.

Kazi ya Kabula nimekuwa nikikuandikia kwamba ni mambo ya mimea, basi. Wewe ukawa unawaambia watu kwamba mjukuu wangu kasoma miaka yote ile kuwa mtunza bustani. Nimesikia, Shija kaniambia. Leo nitakueleza kazi yenyewe, kwa sababu imeingia mpaka kwenye kile kitalu chetu cha kisimani.

Unakumbuka siku ninaondoka ulinifungia marando ya viazi vya mayu kwenye gunia lililolowa. Kabula alikuwa ameleta karatasi ya kibali ili yaruhusiwe kupita mpakani. Pale Sirari afisa akafungua gunia, akanusa, akaniuliza, "Bibi, Nairobi hakuna viazi?" Nikamwambia, "Vipo, ila si vya mama yangu." Akagonga muhuri, gunia likapita.

Nilitegemea Kabula atapiga matuta nyuma ya nyumba tupande. Hakupiga. Aliyachukua kazini kwake na mimi nikamfuata nimeshika kiuno. Akakata ncha ya rando moja kwa wembe, chini ya kioo kinachokuza vitu, kipande kidogo kuliko yai la chawa. Akakata kingine na kingine. Akavitia kwenye vichupa vyenye uji mzito kama wa mgonjwa, akafunika. Marando yaliyobaki, Kwandu, marando ya mayu niliyoyabeba magotini kutoka Bariadi mpaka Nairobi, akayatia moto.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "umechoma nini?"

"Bibi, yanaumwa."

"Yanaumwa? Yametoka Ngulyati yana afya kuliko wewe. Jitazame ulivyokonda."

"Yana virusi, Bibi."

"Na wewe una kiburi. Mbona hujachomwa?"

Otieno akatoka nje acheke huko. Mimi nilirudi nyumbani na siku hiyo sikula chakula chake. Nilimbeba mtoto mgongoni nikakaa uani nikitazama ukuta. Nilifikiria kupanda basi nirudi, ila nani angemlea huyu mtoto? Wasichana wa huku wa kazi wanamlaza mtoto kama wanaweka mzigo.

Sasa subiri, usimtukane Kabula bado. Mimi nilishamtukana kwa niaba yetu wote.

Jumapili moja ushanga wa kiunoni wa mtoto ulikatika, nikakaa sakafuni nautunga upya. Kabula akaja akakaa mbele yangu, akaniuliza kama bado nimenuna. Nikamwambia nimenuna lakini masikio hayajanuna. Basi akachukua ule ushanga akanieleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Nilipokosea Mungu anisamehe, na Kabula anasema sikukosea sana.

Ndani ya jani, Kwandu, kuna nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Ni maagizo ya mmea kwa mmea: tengeneza hiki, tengeneza kile. Kirusi kinachovitia ugonjwa viazi vyetu nacho ni uzi wa namna hiyo hiyo, umevikwa koti, basi. Hakina miguu wala mdomo. Kinaletwa na kile kidudu kidogo, kidukari, kikitoboa jani gonjwa halafu kije kutoboa zima. Kikishaingia kinavua koti. Ujanja wake uko hapa: hakiji na chombo cha kujizalishia. Mmea wenyewe unausoma ule uzi, unadhani ni agizo la nyumbani, unakitengenezea chombo. Yaani mgeni aingie kwako mikono mitupu, akuamuru umfinyangie chungu, ukishamaliza aanze kupika humo ugali wa watoto wake mpaka unga wako uishe. Na wewe umekaa unampulizia moto.

Chombo hicho Kabula anakiita kimeng'enya. Mimi nimekiita mkono, maana kazi yake ni ya mkono. Kinaushika uzi wa kirusi, kinatunga uzi mwingine pembeni yake, punje kwa punje. Punje ziko namna nne tu, na kila moja ina mwenzake. Kabula aliniwekea sakafuni: nyeupe inakaa na nyeusi, nyekundu inakaa na bluu. Kwa hiyo uzi wa kwanza unaotoka ni wa kinyume, kama unyayo kwenye tope ulivyo kinyume cha mguu. Mkono unaugeukia huo wa kinyume, unautunga tena, na safari hii zinatoka nyuzi zinazofanana na ule ulioingia, nyingi mno, mpaka jani limejaa.

Nikamuuliza, "Lakini ndani ya jani si umesema kuna nyuzi za mmea wenyewe? Huo mkono unajuaje kuushika wa mgeni na kuuacha wa mwenye nyumba?"

Kabula akacheka akijipiga mapaja. "Bibi, hilo ndilo wanalonilipa niulize."

Akaniambia mkono hausomi uzi wote. Unapapasa mwisho wake. Uzi wa kirusi mwisho wake umejikunja, umejifunga fundo la namna yake, na mkono ukilikuta fundo hilo unatulia hapo na kuanza kutunga kuanzia mkiani kurudi kichwani. Usipolikuta, unapita. Yeye kazi yake ya kila siku ni kuutoa ule mkono kwenye jani, kuuweka kwenye kichupa, na kuupa nyuzi ambazo yeye mwenyewe amezichezea mkiani: huu kaupunguza, huu kaukunjua fundo, huu kaubadilishia punje moja. Halafu anatazama mkono utakubali upi na utakataa upi. Anataka ajue unashika wapi hasa. Ukishajua mtu anakushika wapi, unajua pa kupaka mafuta ili ateleze. Hayo ya mafuta ni maneno yangu, lakini Kabula aliyapenda akasema atayatumia.

Sikuamini kwa maneno, nikataka kuona. Akanipeleka akanionyesha picha kama zile wanazopiga kifua hospitali. Mahali mkono ulipotunga kuna mstari mweusi mnene. Mahali ulipokataa pako wazi, hakuna kitu.

"Huu hapa nimeukata mkia," akasema, akaweka kidole palipo wazi. "Uzi mzima uko vile vile, Bibi. Maagizo yote yamo. Lakini mkono umepita kama haujaona mtu."

"Na huu?"

"Huu mwili si wa kirusi kabisa. Ni uzi mwingine, nimeubandika mkia wa kirusi."

Palikuwa na mstari mweusi.

"Umeutunga," nikasema.

"Umeutunga. Umeona mkia, umeridhika."

Nilitoka pale tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nafikiria kwamba hicho kitu hakina uovu. Hakina akili hata ya kuwa kiovu. Kinapapasa, kinaona alama yake, kinafanya kazi. Kabula anasema hata hakirudi nyuma kukagua kama kimetunga sawa. Kikikosea kinaendelea, na kosa nalo linatungwa kwenye nyuzi zinazofuata.

Mwisho wa yale ya vichupani ndio huu. Zile ncha ndogo kama mayai ya chawa, nyingine zilikufa. Zilizopona ziliota taratibu, taratibu, mpaka nikakata tamaa. Kabula alikata ncha kwa sababu ncha inakua haraka na kirusi kinachelewa kuifikia. Ni kama mtu anayemkimbia mdai, akifika kijiji hiki yeye keshahamia kingine. Zikatolewa kwenye vichupa, zikatiwa kwenye udongo ndani ya banda la wavu ambalo hata mbu hapiti. Siku moja Otieno akaja mpaka nyumbani kunipa taarifa, "Mama mkwe, wanao wa vichupani wameota, njoo uwaone."

Nilivaa kanga mpya. Unaniona? Nimekwenda kuangalia viazi na kanga mpya.

Nilipofika nikaona matuta mazuri, majani mapana, kijani kinang'aa. Nikainama nikashika jani la kwanza nikaligeuza. La pili. La tatu. Nikasimama.

"Hivi ni vya nani?" nikauliza.

"Vya mama yako, Bibi," akasema Kabula.

"Usinidanganye mimi mtu mzima. Mstari uko wapi?"

Unaujua mstari ninaousema. Ule wa zambarau unaofuata mshipa wa jani kama unyoya, na vile vipete vya zambarau pembeni. Nani Ngulyati haujui? Mtu akija kuomba marando mwanzo wa mvua anamtaja mayu kwa jina, "Nipe yale ya Limi, yenye mstari." Mayu alitufundisha tukiwa wadogo pale kisimani. Mimi niliyekuwa mkubwa nilikuwa nashika kisu, wewe unashika kamba. "Shika jani, geuza, tazama mstari. Ukiwepo ni letu, funga. Usipokuwepo ni mgeni, tupa." Alikuja nayo kutoka kwao Kalemela siku alipoolewa huku Ngulyati, na katika mji wa baba aliwakuta wake wenzake nao wana marando yao, wote wanaotesha kwenye kisima kimoja. Bila alama angejuaje lake? Nasi tukashika hivyo hivyo. Kila kiangazi tukipunguza kitalu tunang'oa yale yaliyotoka bila mstari. Unakumbuka uliwahi kumpiga marehemu Ngollo wangu akiwa mtoto kwa kufunga mzigo mzima wa yasiyo na mstari? Nami nikasema ongeza.

Basi nikamwambia Kabula kwamba amebadilisha marando, kwamba vichupa vyake vimechanganyika, kwamba ametupoteza. Nilisema na mengine. Otieno alikuwa na ndoo ya maji, akaitua akashika kofia yake. Alijaribu kutania, "Mama mkwe, hata mimi nikinyoa ndevu mke wangu ananikubali." Nikamwambia huyo mke hana macho.

Kabula hakunijibu kwa ukali. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, nguo zake nzuri zile, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ule mstari ulifikiri ni nini?"

"Ni alama ya mama yangu."

"Ni ugonjwa, Bibi. Ule mstari ndio ugonjwa wenyewe. Viazi vyenu huwa vinajaribu kupona. Rando moja moja linatoka safi, halina kitu. Haya hapa ndivyo bibi mkubwa Limi alivyoyakuta kabla hayajaugua, au waliomtangulia."

Kwandu, niliketi. Niliketi kwenye udongo na kanga yangu mpya.

Nilikuwa nimeshika jani safi mkononi, na mkono wangu ulikuwa unaligeuza wenyewe, unatafuta. Nikauangalia mkono huu. Nikaikumbuka ile picha ya mistari myeusi: huu una mkia, tunga, huu hauna, pita. Umri wetu wote tumeinama pale kisimani, wewe na mimi na mayu, tunapapasa majani. Lililo na alama tunalifunga, tunalipanda, tunampa jirani. Lililopona tunalitupa kwenye njia ya ng'ombe. Kile kitu ndani ya jani kilikuwa na mkono wake mdogo, na nje ya jani kilikuwa na mikono yetu.

Mayu simlaumu. Mtu atakayemlaumu mbele yangu atapata majibu. Alitaka kuwajua wake, nani hataki? Na kwa wakati wake haikuwa na neno. Kabula anasema kile kirusi cha mstari kikiwa peke yake ni mpole, viazi vinazaa tu. Sasa kimepata mwenzake, kingine kinacholetwa na wale inzi weupe wadogo wanaoruka ukitikisa majani. Wawili wakikutana kwenye shina moja, wanaliua. Hapo ndipo barua yako ilipo. Umeandika kwamba viazi vimekuwa kama vidole vya mtoto, majani yamejikunja na kuwa meupe, shina limedumaa. Umeandika kwamba kuna mtu amekitazama kitalu kwa jicho baya. Hakuna mtu, Kwandu. Na huyo unayemfikiria, ambaye hukumtaja lakini mimi nimemjua, ukimwona msalimie kwanza.

Umeandika pia kwamba pamba ya mwaka huu imeota namna tatu kwenye tuta moja, kwa sababu hawa wanunuzi wapya wanachanganya mbegu tangu ushirika ulipolegea. Ni kweli, wao hawatazami. Sisi tulitazama sana, na tazama tulipofika. Nimelala na jambo hilo siku nyingi na sijalimaliza.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Nataka ung'oe kitalu cha kisimani. Chote. Yale yenye mstari na yale yasiyo na mstari, maana yamekaa pamoja na huwezi kujua. Ung'oe na yale yanayojiotea kwenye mashamba ya zamani, na yale ya nyuma ya zizi ambayo unadhani nimeyasahau. Uyaanike juani yakauke, wape ng'ombe, yanayobaki choma. Na mvua zikianza, wanawake wakija na kamba zao, usimpe mtu hata rando moja.

Najua ninachokuomba. Kwetu mtu hanyimwi marando. Hata aliyegombana nawe msibani anakuja na unamfungia. Watasema Kwandu amekuwa bahili, watasema dada yake amepelekwa Nairobi akarudisha roho ya Nairobi. Waambie Mbuke amekataza. Waambie hivyo hivyo, "Dada yangu mkubwa amekataza, kagombaneni naye." Nitakuja nigombane nao mmoja mmoja, nina muda na nina mdomo. Watakaosikiliza waeleze hayo ya mkono na mkia. Watakaokataa, kwa mwanamke mwenzako shambani kwake huna amri, lakini chetu ndicho kitalu ambacho nusu ya Ngulyati wanachukua mbegu, na hicho kiko chini ya jembe lako.

Msimu huo mtakula mtama na mahindi, na michembe ya viazi mlivyoanika mwaka jana, iliyoko ghalani. Hamtakufa. Kabula anaotesha marando safi kwenye lile banda la wavu, na mvua za mwaka utakaofuata nitakuja nayo mimi, kwa kibali, kwa gunia lililolowa. Na usidhani tukishayapanda tumemaliza. Kabula amenionya kwamba yakikaa karibu na yanayougua yataugua tena, hayana kinga yoyote, ni safi tu. Itabidi tuyatenge, na kila kiangazi tutageuza majani kama zamani. Litakalokuwa na mstari ndilo tutakalotupa. Mikono yetu itabidi ijifunze kinyume, uzeeni hivi.

Utaniuliza, na nilijua utaniuliza tangu nilipoanza kuandika: nitajuaje ni vya mayu, kama alama haipo? Mimi nami niliuliza. Nilikataa kuviita vya mayu mpaka vikomae. Nilisubiri, nikamwagilia mwenyewe, Otieno akabaki bila kazi. Tulipovifukua ganda lilikuwa jekundu, nikasema vyenye ganda jekundu viko vingi. Nikavimenya, nikavikata, nikavianika juu ya bati la nyumba ya Kabula. Jirani akaja kuuliza kwa nini tunaanika taka juu ya paa. Nikamwambia ajaribu kuzigusa aone. Vikakauka vikawa michembe. Nikaichemsha na karanga, nikakaa peke yangu jikoni nikala.

Sitakuambia nilichokikuta. Sasa fungua kifurushi.

Ni michembe ya hivyo hivyo. Usiogope, mchembe ukishakauka hauoti, hauwezi kupeleka ugonjwa shambani, nimemuuliza Kabula mpaka akachoka. Bandika sufuria ndogo. Weka karanga kama mayu alivyokuwa anaweka, usiweke sukari, nakujua kwa sukari. Ukae chini. Kumbuka viazi vya Limi vilivyokuwa vinakaba kooni mpaka uombe maji, na ukishameza maji utamu unarudi mara ya pili kutoka nyuma ya ulimi. Hicho hakuna mwingine aliyekuwa nacho pale kisimani, na hakikuwa kwenye jani.

Nisalimie mke wa mwanao, mwambie mkwe wake mzee yuko upande wake. Nisalimie kaka yetu wa Dutwa kama bado anaendesha ile baiskeli bila breki. Nisalimie mama mdogo aliyebaki Kalemela, mtu akienda huko amwambie nataka kujua majani ya viazi vya kwao, yana mstari au hayana. Msalimie na jirani wa kisimani, yule wa jicho, kwa jina langu. Kabula anakuamkia, na mtoto ameweka kidole chake chenye uji kwenye karatasi hii, lile doa ni salamu zake.

Kula polepole. Usipomkuta mayu mdomoni, acha kitalu kilivyo, nami nitakapokuja utanieleza machoni. Ukimkuta, kunywa maji, chukua jembe, ushuke kisimani.

Dada yako mkubwa ambaye bado anakuamuru,
Mbuke